Yah: Wota pampu mliyoniuzia kuwa orijino, iliyokufa baada ya kilomita 6,800

Isevya, Tabora
14 Julai 2025

Meneja,
Kitengo cha Mauzo ya Vipuri,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Salaam. Nimewapigia simu mara nne, nikapewa visingizio na kuambiwa nisubiri. Sasa naandika, ili jambo hili liwe kwenye karatasi.

Mwezi Machi nilinunua dukani kwenu seti ya taimingi ya Toyota Caldina ya 1999, injini ya 3S-FE: mkanda, beringi zake mbili na wota pampu, ile inayozungusha kulanti, maji ya kupoza injini. Nililipa shilingi 310,000. Seti za bei ya chini ya hapo zipo tele, nazijua. Nilichukua ya kwenu kwa sababu risiti ya EFD mliyonipa imeandikwa "orijino, waranti miezi 6", na kwa sababu anayeijua 3S hachezi na pampu yake. Kwenye injini hii mkanda wa taimingi, uleule unaoziendesha valvu, ndio unaoizungusha pampu. Kuifikia ni mpaka uvue gurudumu la mbele kulia, uikinge injini kwa jeki, ufungue maunti inayoishikilia, utoe kava zote za taimingi. Siku inaisha. Ndiyo maana fundi wangu hubadilisha vyote kwa mkupuo mmoja, asirudi tena huko ndani mpaka zitimie kilomita 100,000 nyingine.

Zilitimia 6,800.

Jumamosi ya tarehe 28 Juni nilikuwa natoka Ipole na ndoo 12 za asali, maana ni msimu wa kurina na wateja walikuwa wananisubiri. Tulipoipita Sikonge nikasikia mlio mwembamba upande wa kulia wa injini. Geji ya joto ilikuwa katikati, mahali pake pa siku zote. Kabla sijapata pa kuegesha, injini ikazima ghafla na usukani ukawa mzito mikononi. Nikashukuru barabara ilikuwa tupu. Nilipopiga stata, injini ikazunguka upesi upesi, nyepesi, haina ule ukinzani wake. Mwenye gari la mkanda akisikia mzunguko ule anajua taimingi imekwenda. Chini, kulanti ilikuwa inadondoka kwenye lami. Tulikaa pale hadi saa mbili usiku ndipo tukapata gari la kutuvuta.

Jumatatu nilisimama gereji kuanzia kava ya kwanza ilipotolewa, nikitaka kuona kwa macho yangu. Mkanda ulikuwa umelowa kulanti, na meno yamenyofoka sehemu ya urefu wa kiganja. Beringi ya pampu ilikuwa imesagika. Ukiishika puli kwa vidole viwili inacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Fundi wangu hatupi vitu, akaileta pampu ya zamani aliyoitoa Machi, akaziweka zote mbili juu ya gunia. Ile ya zamani imetembea kilomita 96,000, na bado inazunguka kimya bila kucheza. Kisha tukaliangalia boksi lenu. Lebo ilikuwa imejikunja pembeni. Tulipoibandua, chini yake kulikuwa na lebo nyingine yenye namba tofauti kabisa ya kipuri. Picha zote nimeambatanisha.

Bahati yangu 3S-FE ni injini ambayo mkanda ukikatika, valvu hazigongani na pistoni. Ingekuwa mojawapo ya zile zinazogongana, leo ningekuwa nadai hedi nzima, sehemu ya juu ya injini yenye valvu.

Sasa nije kwenye majibu yenu, maana ndiyo yaliyoniumiza kuliko pampu yenyewe.

Kijana wa kwanza aliniambia fundi alikaza mkanda kupita kiasi. Mkanda ukikazwa hivyo huziumiza beringi zote unazozipitia. Zile mbili nyingine zimetoka nzima, ukizizungusha hazina mlio. Iliyokufa ni ya pampu peke yake. Wa pili akasema nilipakia mzigo mzito. Ndoo ya lita 20 ya asali ni karibu kilo 28, kwa hiyo 12 ni kama kilo 336, na ndani tulikuwa wawili na viti vya nyuma nimevilaza. Mzigo ungevunja springi au shokapu. Wota pampu haibebi mzigo.

Wa tatu akasema, "Mama, gari lenyewe limeshachoka, lina kilomita 386,000." Ndugu Meneja, hizo kilomita nazijua kwa sababu ninaziandika. Nina daftari la kila oili, kila pedi za breki, kila mara rejeta iliposafishwa, na tangu nilinunue halijawahi kutiwa maji ya bomba badala ya kulanti. Gari hili limenisomeshea watoto wawili. Na ninyi mnauza vipuri vya Caldina ya 1999, gari ambalo Toyota waliacha kulitengeneza zamani. Mteja wenu mwenye gari la kilomita chache ni nani? Sisi wa magari yaliyotembea ndio tunaowaweka mjini. Haiwezekani umri wa gari uwe sababu ya kuniuzia, kisha uwe sababu ya kunikatalia.

Ninachodai ni hiki: bei ya seti 310,000, usafiri wa parseli kwa basi 10,000, ufundi wa mara ya pili 70,000, kuvutwa hadi Tabora 150,000, na kulanti mpya 30,000. Jumla shilingi 570,000. Asali siidai, kwa sababu haikuharibika. Mteja niliyempoteza siku ile pia simhesabu.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka risiti, boksi lenye lebo mbili na picha kwa Tume ya Ushindani, FCC, kwa kuwa suala la bidhaa bandia liko mikononi mwao. Pampu yenyewe sitaituma kwenu kwa basi kama mlivyoniambia. Iko gereji hapa Isevya, imefungwa kwenye mfuko pamoja na mkanda. Mkituma mtu wenu aje aishike, atakaribishwa.

Wenu,
Mteja wenu wa Tabora