Shukrani kwa kaka wa kofia ya kijani

Kaka uliyevaa kofia ya kijani siku ya kuwachukua watoto kambini, sikukuuliza jina na najuta. Asante sana.

Nilikuwa nimesimama wima, simu juu, nataka kumpiga picha mwanangu, nikimpigia kelele: "Cheka! Angalia huku!" Naye kanuna. Ukaniambia taratibu, "Dada, chuchumaa umfikie machoni, halafu mwache aendelee na shughuli zake." Nikachuchumaa. Alikuwa anapambana na kamba ya kiatu, ulimi nje, magoti yamejaa vumbi. Picha hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na wala haangalii kamera.

Ukaongeza la flashi: niizime, nitafute mwanga uliopo. Niliitikia kwa adabu tu, sikuamini. Hadi tulipopamba nyumba kwa ajili ya sikukuu. Kwa flashi, vile vitaa vilitoka vimefifia kama vimezimwa, ukuta mweupe pee. Nikaizima, nikasubiri magharibi, dirishani kukiwa bado na buluu kidogo, nikaegemeza viwiko mezani maana kwenye mwanga hafifu kamera hukawia kufunga, mkono ukitikisika tu picha imeharibika. Vitaa vikawaka! Na bibi yake mwanangu yumo, anafungua fundo la waya huku akimlalamikia aliyelifunga mwaka jana. (Ni mimi.)

Siku ile kambini hatukuongea zaidi ya dakika tano, ukaondoka na begi la mtoto wako mgongoni. Ukiisoma hii, ile ya kamba ya kiatu nimeiprinti, iko kwenye fremu sebuleni.