Barua kwa Juma: Crookes na mizimu yake

Ndugu yangu Juma,

Salamu nyingi, na wanafunzi wako wa fizikia wasalimie. Umeniandikia kwamba mwanasayansi wa kweli hawezi kuhangaika na mizimu. Basi naomba umsome William Crookes, mkemia na mwanafizikia wa London.

Huyu hakuwa mbabaishaji. Mwaka 1861 aligundua thaliamu, elementi ya metali, kwa mstari wa kijani aliouona kwenye mwanga wake. Na zile neli zake za kioo zilizonyonywa hewa, Röntgen alitumia za aina hiyo alipogundua eksirei mwaka 1895.

Mwaka 1867 mdogo wake, Philip, alikufa kwa homa ya manjano akiwa kwenye kazi ya kutandaza kebo ya telegrafu baharini. Baada ya msiba huo Crookes akaanza kuhudhuria vikao vya kuita roho za wafu.

Ila alikwenda na vipimo vyake. Mwaka 1871 alimwita nyumbani Daniel Home, bingwa wa kuita roho. Akanunua mwenyewe akodiani mpya (ndiyo, hii hii ya taarab), akaitia chini ya meza, ndani ya kizimba cha mbao kilichozungushiwa waya wa shaba. Home aliishika kwa mkono mmoja, upande usio na vibonye. Ikalia! Crookes aliandika kwamba hata Home alipoiachia, iliendelea. Hapo nakuna kichwa tu.

Kwa Florence Cook, binti aliyedai naye kuita roho, ndipo alipoponzwa. Binti anaingia nyuma ya pazia, mara unatoka “mzimu” Katie King, kavaa meupe. Mwaka 1874 Crookes alitembea naye wameshikana mikono, akampiga picha, akashikilia kwamba hao ni watu wawili. Mwaka 1880 Sir George Sitwell akaukamata mzimu mwingine wa Florence kikaoni: Florence mwenyewe, na nguo za ndani!

Thaliamu haina hila, Juma. Maabara ilimzoesha vitu visivyodanganya. Mfanya mazingaombwe yeyote angeshtuka mapema kuliko yeye.

Na wala hakuharibikiwa. Mwaka 1898, akihutubia wanasayansi wenzake, alisema hana cha kufuta. Mwaka 1913 akawa rais wa Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza, ile ile iliyoikataa makala yake kuhusu Home.

Sasa nijibu wewe mwalimu: ungekabidhiwa kile kizimba na Home yuko mbele yako, ungeongeza kitu gani?

Wako,
Salum