Barua ya wazi kwa Rais wa Shirikisho la Badminton Duniani: mechi iliyochezwa isifutwe

Mheshimiwa Rais Khunying Patama Leeswadtrakul,

Pokea salamu zangu za heshima.

Ninalo daftari ambamo huandika matokeo ya mpira wa vinyoya, yaani badminton, wanaume mmoja mmoja, kila Olimpiki inapofika. Huandika kwa wino, mechi ikiisha tu, kabla mwamuzi hajashuka kitini. Ukurasa wa tarehe 27 Julai 2024, Paris, una mstari huu: Lakshya Sen wa India kamfunga Kevin Cordón wa Guatemala, 21-8, 22-20. Haukupita muda likaja tangazo. Cordón ameumia kiwiko cha kushoto, na mkono huo ndio anaoshikia raketi. Amejitoa, na kwa mujibu wa kanuni za hatua ya makundi matokeo yake yote yamefutwa. Mechi ile ikawa kana kwamba haikuchezwa.

Mstari wangu sikuukata. Kwa ajili yake nakuandikia.

Kundi L lilikuwa na watu wanne: Sen, Cordón, Julien Carraggi wa Ubelgiji na Jonatan Christie wa Indonesia, ambaye mwaka ule ule alikuwa ametoka kutwaa taji la All England, moja ya mashindano makubwa ya mchezo huu. Katika makundi ya mmoja mmoja anapita wa kwanza peke yake, kwa hiyo hakuna mechi ya kupumzikia. Cordón alipoondoka walibaki watatu. Christie akacheza mechi mbili, Carraggi mbili, Sen tatu, na ya tatu hiyo haikuhesabiwa popote. Hata hivyo alimfunga Carraggi 21-19, 21-14, kisha akamfunga Christie 21-18, 21-12, akapita. Watu wakasema basi, yameisha, kijana amepita, kuna tatizo gani tena?

Mimi nasema tatizo lilibaki pale pale. Anayeujua mchezo huu anajua seti ya 22-20 inavyomla mtu. Ni kuruka, kuinama hadi goti linakaribia sakafu, kurudi nyuma kwa hatua tatu na kupiga smashi, lile pigo kali la kushusha chini, kisha kukimbilia wavuni kuokota kinyoya kilichodondoshwa kwa ujanja, tena na tena. Jasho lile haliwezi kurudishwa mwilini. Kanuni haikuweza kumrudishia Sen nguvu zake. Iliweza kumpokonya ushindi wake tu, na ikaupokonya.

Sidai kwamba mechi ile ndiyo iliyomnyima medali. Nusu fainali aliicheza siku nyingi baadaye. Aliongoza 20-17 katika seti ya kwanza dhidi ya Viktor Axelsen wa Denmark, akaongoza 7-0 katika ya pili, na bado akapoteza zote mbili, 22-20 na 21-14. Katika mechi ya shaba Lee Zii Jia wa Malaysia alimshinda baada ya yeye kuchukua seti ya kwanza. Hayo ni ya uwanjani na ninayakubali yote. Ninachokikataa ni kile kilichofanyika mezani.

Nikuambie pia habari za Cordón, kwa sababu wengi walimlilia Sen wakamsahau yeye. Baba yake alimpa jina la Kevin kwa mapenzi ya Kevin Keegan, mwanasoka wa Uingereza, lakini mtoto akaufuata mchezo wa raketi. Alianza Olimpiki Beijing 2008. Akaenda London, akaenda Rio, kisha Tokyo, michezo ya 2020 iliyochezwa 2021, akiwa na umri wa miaka 34 na kocha wake Muamar Qadafi, Mwindonesia. Kule alimtoa Ng Ka Long wa Hong Kong katika kundi, akamtoa Mark Caljouw wa Uholanzi, akamtoa Heo Kwang-hee wa Korea Kusini katika robo fainali. Huyo Heo ndiye aliyemfunga Kento Momota wa Japani, namba moja wa dunia, na kumrudisha nyumbani katika hatua ya makundi. Cordón alipompita Heo alianguka chini akalia, na nakiri nililia naye. Alimaliza wa nne. Hakuna Mguatemala aliyewahi kufika mbali vile katika mchezo huu.

Paris ilikuwa Olimpiki yake ya tano, akiwa na miaka 37. Alipata pointi 8 katika seti ya kwanza na 20 katika ya pili. Pointi 28, kila moja aliitolea jasho, na ya mwisho labda aliipata kiwiko kikiwa tayari kinamuuma. Katika msimamo rasmi wa kundi hana hata moja. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini Cordón alikuwepo, Mheshimiwa. Uwanja wa La Chapelle ulijaa watu walioshuhudia kwamba alikuwepo.

Wewe mwenyewe unajua uzito wa mstari mmoja wa kushindwa. Tarehe 5 Agosti 2024, katika uwanja huo huo, Kunlavut Vitidsarn alifungwa na Axelsen katika fainali, 21-11, 21-11. Anayesoma namba tu ataona kipigo. Lakini mstari huo ndio medali ya kwanza ya Olimpiki ya Thailand katika mpira wa vinyoya, na wewe uliongoza badminton ya nchi hiyo. Nani angekubali mstari ule ufutwe?

Najua kanuni hii haikutungwa kwa ubaya. Aliyeitunga aliwaza hivi: katika kundi la wanne, mmoja akicheza na fulani hadi mwisho na wengine wakipewa ushindi wa mezani, mnalinganishaje? Mmoja atakuwa na tofauti ya pointi aliyoihangaikia, mwingine amepewa bure. Kwa hiyo yafutwe yote, wabaki waliobaki, wapimwe kwa mechi zao wenyewe. Hata katika soka, timu ikijitoa katikati ya ligi, mara nyingi matokeo yake hufutwa kwa hoja hiyo hiyo. Naielewa. Ila ligi ina mechi nyingi, na kuondoa mbili kati ya thelathini ni jambo dogo. Kundi la Olimpiki lina mechi tatu kwa mtu, pengine mbili. Ukiondoa moja umeondoa theluthi au nusu ya kazi ya mchezaji aliyejiandaa kwa miaka minne.

Tena fikiria mambo yangekuwa kinyume. Tuseme Cordón angeshinda siku ile, halafu akajitoa. Kufungwa kwa Sen kungefutika. Angeamka asubuhi akiwa msafi, amesamehewa na jeraha la mwenzake. Hapo ndipo kanuni hii inaponitia hofu zaidi, kwa sababu inaweka hatima ya aliyefungwa mikononi mwa mtu mwingine, tena mtu anayeweza kuondoka wakati wowote kwa kusema anaumwa. Shirikisho lako halihitaji kukumbushwa London 2012, mwaka ule makundi yalipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Jozi nne za wanawake, wachezaji wanane, waliondolewa mashindanoni kwa kutojitahidi kushinda, kwa kuwa msimamo wa kundi uliwapa faida ya kupoteza. Simtuhumu mchezaji yeyote wa leo. Nasema tu kwamba mlango ule mliufunga kwa aibu kubwa, na huu bado u wazi.

Na ajabu ni kwamba katika hatua ya mtoano hamfanyi hivi. Paris ile ile, upande wa wanawake, Carolina Marín wa Uhispania alikuwa ameshinda seti ya kwanza ya nusu fainali na anaongoza ya pili, goti likamsaliti, akajitoa huku analia. He Bingjiao wa China akasonga mbele, na kwenye jukwaa la medali akashika beji ndogo ya Uhispania kwa heshima ya mwenzake. Je, kuna aliyesema Aya Ohori, ambaye Marín alimtoa katika robo fainali, arudishwe? Hakuna. Marín alimfunga Ohori, na kuumia kwake baadaye hakubadilishi hilo. Hiyo ndiyo akili ya kawaida. Inakuwaje akili hiyo isimame mlangoni mwa hatua ya makundi?

Nitofautishe jambo moja. Desemba 2021, katika Fainali za World Tour, mashindano ya kufunga msimu, kule Bali, Momota alijitoa mechi na Sen ikiwa ndiyo kwanza imeanza, mgongo ukimsumbua, na Rasmus Gemke wa Denmark naye akaumia. Kundi la wanne likabaki na Sen na Axelsen, wote wawili wakafuzu. Mechi iliyokatika baada ya pointi mbili tatu ni mechi isiyochezwa, na ukitaka kuifuta sitapinga. Ninayoitetea ni ile iliyofika mwisho, pointi ya mwisho ikahesabiwa, wachezaji wakapeana mikono wavuni.

Ombi langu, basi, ni dogo. Mechi iliyomalizika ibaki, kwenye kumbukumbu na kwenye msimamo. Wapinzani ambao hawajakutana na aliyejitoa wapewe ushindi wa mezani. Na ikitokea watu wamelingana kwa idadi ya ushindi, wapimwe kwa mechi walizocheza wao kwa wao tu, ili pointi za bure zisimfaidishe yeyote. Chukua Kundi L ulipime hivyo: Sen ana ushindi wake halali juu ya Cordón, Christie na Carraggi wana wa mezani, na aliyepita ni yule yule Sen kwa sababu aliwafunga wote wawili. Hakuna anayeumia. Tofauti ni kwamba Sen angehesabiwa mechi tatu kama alivyocheza, na Cordón angekuwa na pointi zake 28.

Utaniambia kwamba aliyefungwa na mtu kabla hajaumia ameonewa, maana wenzake hawakukutana naye. Hoja hiyo ina nguvu na nimeitafakari sana. Lakini bahati ya ratiba ipo kila mahali katika mchezo huu. Kuna anayecheza usiku na kesho yake asubuhi, kuna anayepangwa kundi lenye mtu mmoja mgumu na mwingine lenye wawili. Tokyo, mshindi wa Kundi A aliruka moja kwa moja hadi robo fainali, na Heo aliipata nafasi hiyo ambayo ilionekana kutayarishwa kwa Momota. Tunaivumilia bahati hiyo kwa kuwa haidanganyi kuhusu kilichotokea uwanjani.

Hatua ya makundi yenyewe naipenda, naomba nisieleweke vibaya. Kuanzia Barcelona 1992, Alan Budikusuma alipobeba dhahabu ya kwanza ya wanaume mmoja mmoja, hadi Beijing 2008, mtu alisafiri nusu ya dunia akafungwa mara moja na Olimpiki yake ikaishia hapo. Wachezaji wa nchi ndogo, wanaoingia kwa nafasi za mabara, walikuwa wakionekana kwa nusu saa tu. Makundi yaliwapa angalau mechi ya pili. Kwa mchezaji kama huyo, mechi mbili za Olimpiki ndizo utajiri wake wote. Akimfunga mtu katika moja, atawasimulia wajukuu. Siku mpinzani wake atakapojitoa, mtaichukua hiyo nusu ya utajiri na kumwambia haikuwapo.

Kabla ya Los Angeles 2028 bado kuna nafasi ya kulipeleka suala hili mbele ya Baraza la Shirikisho. Ni aya moja tu ya kanuni, haihitaji fedha wala mitambo. Ningefurahi pia kama jedwali la Paris lingerekebishwa, hata kwa maelezo mafupi chini yake yanayosema kwamba tarehe 27 Julai 2024 Lakshya Sen na Kevin Cordón walicheza, na matokeo yalikuwa 21-8, 22-20.

Kwangu yameshaandikwa kwa wino.

Wako kwa heshima,
Mpenzi wa mpira wa vinyoya