Wapiga ngoma waitwe tangu siku ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoandaa matamasha ya mseto hapa Mwanza, yale ya kukutanisha ngoma za Kisukuma, nyimbo za Wakerewe, litungu (ala ya nyuzi) la Wakurya na bendi ya magitaa. Nia yao naipenda sana. Utaratibu ndio unaoniuma.

Mara nyingi bendi hupanga nyimbo, muda na mitambo. Wazee wa ngoma huitwa siku yenyewe, wakampokea mgeni rasmi, basi, wakashushwa. Hapo hakuna kilichochanganyika. Watu wamepokezana jukwaa tu.

Katika tamasha moja la karibuni nilisimama karibu na mpiga litungu aliyetakiwa afuate kinanda. Alikaza uzi mmoja mmoja, zote nane, huku fundi mitambo akimwashiria aharakishe. Wimbo ulipoanza ulikuwa juu mno kwake, akaimba kwa kujikamua. Mpiga litungu huimba mwenyewe, na nyuzi hukazwa kulingana na sauti yake. Kinanda hushushwa kwa kubonyeza kitufe. Kwa nini asiulizwe yeye kwanza?

Na ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevunyevu wa jioni, hasa huku ziwani, hivyo lazima ipashwe moto. Waandaaji wangekaa na wapigaji mapema, wangetenga mahali pa moto nyuma ya jukwaa. Wangejua pia kwamba kwenye bugobogobo, ngoma ya kilimo ya Wasukuma, mpigaji na wachezaji wenye majembe hutazamana. Ukimweka nyuma ya spika umemfunga macho.

Hawa si watu wa kufundishwa kushika watazamaji. Kwenye Bulabo, sherehe za ngoma za Wasukuma kule Bujora, Kisesa, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na kundi linalovuta umati mkubwa ndilo linaloshinda. Wenye uzoefu huo wanastahili kuchagua nyimbo pamoja na bendi, na hata kukataa zisizochanganyika.

Kwa hiyo naomba mazoezi ya pamoja yaanze wiki kadhaa kabla, yalipwe, na malipo ya kila kundi yaandikwe mapema. Mengine yafanyike Kisesa, bendi iwafuate wapiga ngoma nyumbani kwao. Wanaopanga matamasha ya mwisho wa mwaka bado wana muda wa kuwaita.

Msomaji wako,
Nyakato, Mwanza