Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wasanifu, wahandisi, makandarasi na wasimamizi wa majengo, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Kamati tendaji ilikutana mara 9, semina 4 zilifanyika, majengo 6 yalitembelewa na wanachama wapya 11 walipokelewa. Hayo yote yamo katika mihtasari mliyotumiwa, nami sitayarudia. Semina ya vivuli vya madirisha ilijaza ukumbi. Semina ya matunzo ya pampu, ambayo niliiandaa mwenyewe kuanzia mada hadi kupanga viti, ilihudhuriwa na watu 8, tukiwamo mtoa mada na mimi.

Jambo linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kutoitoa tuzo ya jengo bora mwaka huu. Nimeyasikia yaliyosemwa pembeni, kwamba mwenyekiti ameigeuza tuzo kuwa mali yake na kwamba masharti yalibadilishwa kimyakimya. Sharti la kuambatisha ankara za umeme na maji za miezi 24 tangu jengo lianze kutumika lilipitishwa na kamati kwa kura 5 dhidi ya 3, na barua ikatumwa kwa kila mwanachama miezi saba kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha. Asiyefungua barua za chama hawezi kulalamika kwamba hakuarifiwa. Kati ya majengo 5 yaliyowasilishwa, 3 hayakuwa na ankara hata moja, la nne lilileta za miezi 6 ya msimu wa baridi peke yake, na la tano, ambalo wengi wenu mlikwisha kulipatia ushindi mioyoni, lilileta ankara kamili zilizoonyesha kwamba umeme wa mwaka wa pili ulizidi ule wa mwaka wa kwanza, ilhali watumiaji hawakuongezeka.

Nililitembelea jengo hilo pamoja na wajumbe wawili waliokuwa wamepiga kura dhidi ya hoja yangu, isije ikasemwa kwamba nilikwenda na watu wangu. Ukumbi wake wa mapokezi ni mzuri, na kwa hilo sina ubishi. Lakini fundi wa zamu alipotaka kutuonyesha mashine ya kupuliza hewa iliyo juu ya dari ya ghorofa ya tatu, ilimbidi asogeze meza mbili, apande ngazi, aondoe vibao vinne vya dari, kisha aingize mkono hadi begani kati ya bomba la maji na boriti ndipo akaugusa mlango wa chujio, nao haukufunguka kwa sababu trei ya nyaya ilikuwa imepitishwa mbele yake. Chujio lile halikuwahi kubadilishwa tangu siku ya makabidhiano. Nilipomuuliza sababu, hakujitetea. Aliinyooshea kidole ile trei, akashuka.

Wahandisi waliopo hapa wanajua maana yake. Umeme unaotumiwa na feni hufuata mchemraba wa kasi yake, yaani kasi mara kasi mara kasi, kiasi kwamba feni inayozungushwa kwa asilimia 80 ya kasi hutumia karibu nusu tu ya umeme. Vivyo hivyo, kasi ikipandishwa kidogo ili hewa ipenye kwenye chujio lililoziba, gharama hupanda kwa kuruka, nayo hulipwa kila saa ambayo mtambo unafanya kazi. Na mtambo ule ulikuwa ukifanya kazi saa zote, kwa maana kidhibiti cha kuuwasha na kuuzima kilikuwa bado katika hali ya majaribio kilimoachwa siku ya makabidhiano, hivyo feni zilizunguka usiku kucha, Jumamosi na Jumapili, zikiburudisha viti vitupu. Kitabu cha maelekezo tulikikuta kabatini, ndani ya nailoni yake.

Hoja nzito niliyopewa, nami naiheshimu, ni kwamba msanifu haendeshi jengo na hapaswi kubebeshwa uzembe wa anayeliendesha. Kuhusu kidhibiti, nakubali. Kuhusu trei, sikubali hata kidogo, kwa kuwa mgongano ule ungeonekana kama michoro ya umeme na ya hewa ingewekwa juu ya meza moja, na kuusahihisha kungegharimu asubuhi moja ya mchoraji. Jengo likishakamilika, marekebisho hayohayo yanataka kubomoa dari, kuzima umeme na kuhamisha watu. Tuzo yetu hutolewa kwa jengo, na jengo ni kazi ya wote walioligusa.

Mjumbe mmoja aliniuliza iwapo nataka mabomba yote yaachwe wazi kama ya Kituo cha Pompidou mjini Paris, kilichofunguliwa mwaka 1977 kikiwa na njia za hewa za buluu na mabomba ya maji ya kijani upande wa nje. Sitaki hivyo. Kituo hicho chenyewe kilifungwa kwa ukarabati kuanzia mwaka 1997 hadi 2000, kwa hiyo kukifikia kitu si sawa na kukitunza. Ninachotaka ni mlango wa chujio unaofunguka. Mfano ninaoupenda zaidi ni Empire State Building ya New York, ambayo madirisha yake 6,514 yalifumuliwa na kuundwa upya ndani ya jengo lenyewe badala ya kutupwa, kisha akiba ya nishati ikafuatiliwa kwa ripoti za kila mwaka. Wao hawakuridhika na mahesabu ya mwanzo. Walirudi kuzisoma mita.

Kuhusu mahudhurio na ada, naona aibu kuandika, ila nitaandika. Tuko wanachama 142. Waliolipa ada kamili ni 57, waliolipa nusu ni 19, na waliosalia wanaendelea kunitumia maoni kuhusu tuzo. Mkutano wa katikati ya mwaka uliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Wanachama 6 wameniandikia kwamba wanazuia ada hadi uamuzi utenguliwe, nami nawakumbusha kwamba katiba haina kifungu cha kuzuia ada kwa kununa. Mweka hazina amelipia kodi ya ofisi ya miezi miwili kwa fedha zake. Namshukuru, na deni lake lipo mezani leo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuandaa mwongozo mfupi wa makabidhiano ya mitambo, na pengine kuwashawishi wenye majengo waweke mita ndogo kwa kila ghorofa ili ijulikane umeme unakwenda wapi. Mfadhili tutamtafuta. Sharti la ankara litabaki kama lilivyo hadi mkutano huu utakapoamua vinginevyo kwa kura, na ninaomba kura hiyo ipigwe na waliolipa ada.

Mwisho, kamera ya kupimia joto ya chama ilitoka ofisini baada ya ziara ya nne na haijarudi. Daftari la kuazima halina saini. Aliye nayo airudishe pamoja na chaja yake.

Mwenyekiti