Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa kaunti yetu: ile sindano ya miezi 18

Mheshimiwa Waziri, salamu na pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka minane na ana usonji (autism), nakaa kaunti hii hii yako hapa Pwani, sina cheo wala chama. Nimesikia ni msimu wa bajeti na kwamba kuna pesa za watoto wenye mahitaji maalum, sasa kabla hazijakwisha kwenye semina na soda nimeona niseme langu moja, la maswali ya kumuuliza mama siku mtoto anapochomwa chanjo ya surua ya miezi 18. Ni refu kidogo, nivumilie.

Mwanangu alianza kutembea vizuri tu, akawa na maneno yake matatu manne, "mama", "maji", "nyau", halafu karibu na mwaka na nusu yale maneno yakapotea. Unamuita jina hageuki, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio, kwa hiyo sikio linasikia. Hakuwa ananyoosha kidole kunionyesha kitu, akitaka kikombe anachukua mkono wangu anaubandika kwenye kikombe kama vile mkono ni kijiko chake. Nilimpeleka zahanati, sitaitaja, nesi akamweka kwenye mizani, akaandika kilo kwenye kile kitabu cha kliniki, akaniambia mama mtoto ana afya, wavulana huchelewa kuongea. Na kwa kilo kweli alikuwa hajambo! Hakuna aliyeniuliza kitu kingine, na mimi nikafurahi, nani asiyetaka kuambiwa mtoto wake hana kitu. Baada ya hapo ni kombe, ni hirizi, ni mzee mmoja alosema mtoto kachukuliwa na wenyewe, yaani mashetani, nikauza cherehani nikamlipa. Neno usonji nililisikia mtoto ana miaka mitano.

Simlaumu yule nesi, foleni ilikuwa mpaka nje chini ya mwembe na hakuna aliyempa kitu cha kuniuliza. Ila kilichoniuma ni nilichokuja kukijua baadaye, kwa binamu yangu aliyewahi kuzunguka vijijini kule Kilifi na makaratasi ya utafiti, kwamba maswali ya kumuuliza mama kama mimi yalishaandikwa, na hayakuandikwa Ulaya. Yaliandikwa Kilifi, ambako mtu anapanda matatu asubuhi na mchana yuko kwake anakula.

Pale kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, tangu 1989. Wengi tunakijua kwa malaria. Ila daktari mmoja wa hapo wa mishipa ya fahamu ya watoto, Charles Newton, alikuwa anafuatilia watoto walioponea malaria ya kichwani, na suala likawa, haya mtoto amepona, je akili yake na mwili wake vinakwendaje sasa? Utapima kwa nini? Vipimo vilivyokuwepo vilikuwa vya watoto wa kizungu. Mtoto wa nyumba ya makuti hajawahi kuona ngazi, unampa alama sifuri kwa kuwa hajui kupanda ngazi, huo si upimaji ni uonevu.

Hapo ndo anaingia Profesa Amina Abubakar, mwanasaikolojia Mkenya, na nataka umjue huyu mama Mheshimiwa kama bado hujamjua. Yeye na wenzake wakatengeneza kipimo kinachobeba jina la Kilifi lenyewe, Kilifi Developmental Inventory, cha watoto wa miezi 6 mpaka 35, kimechapishwa 2008, mwaka huo huo alomaliza udaktari wake wa falsafa chuo cha Tilburg huko Uholanzi. Kinaangalia mtoto anavyosogea, anavyosimama na kujishikilia asianguke, anavyoshika vitu vidogo na kuvipanga, yaani jicho na mkono kama vinaelewana. Vifaa vyake ni vitu ambavyo mtoto wa huku hashangai akiviona. Si lazima uwe daktari ndo ukitumie, mtu aliyemaliza sekondari akafunzwa vizuri anakiweza. Na si hicho tu, 2010 wakatoa na orodha nyingine ambayo hata mtoto humgusi, unakaa na mama unamuuliza mwanao anafanya hiki, anafanya kile.

Niwe mkweli hapa, isije mtaalamu wako akasema huyu mama anachanganya mambo: hivyo si vipimo vya usonji. Usonji hauna kipimo cha damu wala picha, ni mtu anayejua akae na mtoto amtazame na amsikilize mzazi, tena si dakika kumi. Ila mtoto anayebaki nyuma anaonekana mapema, na ukishamuona ndo unauliza anabaki nyuma kwa nini. Kwangu hiyo peke yake ingenipa miaka mitatu na cherehani yangu.

Huyu Profesa angeweza kubaki na makaratasi ya watoto wenye ukimwi na utapiamlo, ndo alikoanzia, na ilikuwa kazi tosha. Akaenda mpaka kwenye usonji. 2015 yeye na mtafiti mwenzake Joseph Gona na wenzao walichapisha utafiti waliofanya hapa hapa Pwani, walikaa na wazazi na wataalamu kuwauliza mnaamini usonji unatoka wapi na mnautibu vipi, watu wakasema ya moyoni, uchawi, mashetani, laana, na wengine wakasema maambukizi na matatizo wakati wa kuzaa, na tiba wakataja waganga na maombi na hospitali zote pamoja. Nilipoelezwa nililia kidogo, halafu nikacheka, kwa sababu ni kama walikuwa wamekaa barazani kwa mama mkwe wangu. Wala hawakutudharau, waliandika tu tulivyo. 2016 akapewa tuzo ya Royal Society Pfizer kule Uingereza, na leo ni mkurugenzi wa taasisi ya maendeleo ya binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Vile vipimo vyao vimekwenda mpaka Malawi na Burkina Faso. Burkina Faso Mheshimiwa! Kwetu havijavuka daraja.

Binamu yangu huyo ndo alonipa na hii. Miaka ya 70 mtafiti mmoja, Victor Lotter, alizunguka nchi sita za Afrika na Kenya ikiwemo, akitafuta watoto wenye usonji kwenye taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili. Alikuta wachache sana, ikabaki kauli kwamba Afrika ugonjwa huu haupo sana. Sasa fikiria, alitafuta kwenye taasisi! Mimi mwanangu alikuwa chumbani, wageni wakija namfungia na katuni. Nani angemhesabu?

Haya, ombi langu. Mheshimiwa, chanjo ya surua ya pili iko miezi 18. Huo ndo umri mtoto anatakiwa awe anakuonyesha ndege kwa kidole, akiitwa anageuka, anaiga ukipiga makofi. Siku hiyo mama yuko pale pale mbele ya nesi na kitabu kiko mezani, na baada ya hapo wengi wetu kliniki haturudi tena mpaka mtoto mwingine. Muulizwe mama maswali machache siku hiyo, na jibu liandikwe kwenye kitabu kama kilo zinavyoandikwa. Maswali usiyanunue nje, piga simu Kilifi, wako watu wanajua kuwafunza manesi na wale mama wa afya ya jamii kwa Kiswahili na Kigiriama.

Na kuna faida nyingine. Mtaani wapo wanaoogopa hiyo sindano kwa kuwa ati ndo inaleta usonji, maneno yaliyotoka kwenye karatasi ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, ya 1998, ya watoto 12 tu, jarida lililoichapisha lenyewe likaifuta 2010. Uvumi unashika sababu dalili zinaonekana umri ule ule wa sindano. Ukiuliza maswali kabla ya kuchoma, mama anajionea mwenyewe dalili zilikuwepo.

Lakini usianze kuuliza kama huna pa kumpeleka atakayejibu "hapana, hanyooshi kidole". Kumwambia mama mtoto ana shida halafu ukamwacha mlangoni ni afadhali ungenyamaza. Mtu mmoja tu kwa kaunti nzima wa kuanzia, mwenye chumba, siku mbili kwa wiki, anayejua kumfunza mama namna ya kucheza na mtoto na kumtolea maneno, mimi hilo nalilia. Tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, tunaitwa, tunavaa tisheti za buluu, kuna hema na spika na picha, na kila mwaka nakaa nikipiga hesabu ya lile hema. Na hilo hema, si mshahara wa huyo mtu wa miezi kadhaa?

Mdogo wake mwanangu anatimiza miezi 18 mwezi ujao. Utafiti wa Marekani na Kanada unasema kama kaka ana usonji, mdogo naye ana nafasi ya karibu mmoja kati ya watano, kwa hiyo namtazama kila asubuhi vidole vyake. Juzi alimuonyesha babake kunguru. Nitakuwa kliniki siku ya sindano yake, nimeshayaandika maswali mwenyewe nyuma ya kitabu kwa kalamu nyekundu, na nitamuomba nesi anisomee.

Wako,
Mama wa wavulana wawili