Mnapomuandika Maria Mitchell msiwasahau wazazi wake

Ndugu Mhariri, salaam. Nimesoma makala yenu kuhusu wanawake wa sayansi na nimefurahi sana kumkuta Maria Mitchell, mtaalamu wa nyota wa Marekani, humo maana kwenye magazeti yetu hatajwi kabisa, ila mmempa mistari michache tu, kwamba aliona nyota yenye mkia mwaka 1847 akapewa medali ya dhahabu na mfalme wa Denmark, basi. Msichana wa sekondari akisoma pale atadhani huyu mama aliibuka tu siku moja na darubini yake. Hapo ndo sikubaliani na nyie, kwa sababu habari yenyewe hasa iko nyumbani kwao.

Maria kazaliwa tarehe 1 Agosti 1818 kisiwa cha Nantucket, jimbo la Massachusetts kule Marekani (jimbo hilohilo ambalo meli zake zilikuwa zinaleta nguo za merikani Unguja). Kwao walikuwa watoto kumi. Wazazi walikuwa dhehebu la Quaker, ambalo mpaka leo lina waumini wengi kule Kaimosi, Kenya, na watu hawa waliamini mtoto wa kike asome sawa na wa kiume, tena wakati ambao kwingine hilo halikuwepo. Mama yake Lydia Coleman alikuwa msomaji haswa, inasimuliwa alipata kazi maktaba akavimaliza vitabu vyote akahamia maktaba nyingine. Kuna pia undugu wa mbali na Benjamin Franklin, ambaye mamake alikuwa wa ukoo wa Folger wa hapohapo kisiwani, lakini mimi huo undugu hata sio unaonigusa.

Kinachonigusa ni baba, mzee William Mitchell. Alikuwa mwalimu, baadae keshia wa benki, na usiku kazi yake kuangalia nyota na kupima saa za meli. Nantucket nzima ilikula kwa kuvua nyangumi, meli ikitoka inakaa baharini miaka, na nahodha anajua yuko wapi mashariki au magharibi kwa kutumia saa, sasa saa ikikosea sekunde nne tu pale ikweta umeshapotea maili moja ya baharini. Kwa hiyo manahodha wanamletea mzee saa zao, yeye anazilinganisha na nyota usiku baada ya usiku mpaka ajue hii kwa siku inakimbia kiasi gani au inachelewa kiasi gani. Kazi hiyo akamfundisha binti, na alipofika miaka 14 manahodha walikuwa wanamuachia Maria mwenyewe azipime. Fikiria mhariri, maisha ya mabaharia wote wale mikononi mwa mtoto wa kike wa miaka 14, na baba hana wasiwasi!

Februari 1831 jua lilipopatwa, walitoa dirisha la sebuleni wakaweka darubini, mzee anaangalia, Maria wa miaka 12 anahesabu sekunde kwenye saa. Vipimo hivyo vikatumika kujua longitudo ya nyumba yao, yaani iko wapi mashariki au magharibi.

Sasa njooni kwenye hiyo medali. Usiku wa tarehe 1 Oktoba 1847 nyumbani kulikuwa na wageni, Maria akapanda juu ya paa la benki wanapoishi, akaona kitu ambacho jana yake hakikuwepo. Akashuka kumwita baba. Maria alitaka asubiri ahakikishe kwanza, ila mzee tarehe 3 akaandika barua kwa Bond, mtaalamu wa nyota wa chuo kikuu cha Harvard. Siku hiyohiyo padri Francesco de Vico kule Roma naye akaiona! Ile barua ikasaidia sana kuthibitisha kwamba Maria ndiye alotangulia, rais wa Harvard akamtetea, na 1848 medali ikaja kwake.

Mwaka 1865 chuo cha wanawake cha Vassar kilipomwajiri awe profesa, mama alikuwa ameshafariki, basi mzee akahama naye wakaishi pamoja kwenye jengo la darubini mpaka mzee alipofariki 1869. Chuo kilimlipa chini ya maprofesa wanaume waliokuwa wadogo kwake, na alilipigania hilo. Akaendelea kufundisha mabinti mpaka 1888, akafa Juni 1889.

Nawaomba mlitoe upya hilo jambo, safari hii mtupe ukurasa mzima, na majina ya William na Lydia muyaandike. Nyumba aliyozaliwa bado ipo pale mtaa wa Vestal, imekuwa makumbusho, kwa hiyo hata picha hamtakosa.

Msomaji wenu,
Tanga